Karibu ni Mali ya Serikali

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Waziri mwenyewe amenihakikishia kwamba haipo, na kwamba ikitokea ikawepo, basi mambo haya hayakutokea huko, na kama yalitokea, yalitokea kwa nia njema. Kwa hiyo msomaji akae kwa raha, anyooshe miguu, wala asihangaike kumtafuta humu mtu anayemfahamu.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo mimi nilikuwa mwananchi mwema. Jina langu Kondo. Maishani nimelalamika mara moja tu, nilipong'atwa na mbwa wa Mkuu wa Wilaya, na hata hapo nilimalizia kwa kumwomba mbwa radhi. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba simulizi hii haitoki kwa mchochezi.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Salehe Kipindula, refa mstaafu. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa ghafla. Alikataa goli la timu ya Waziri, goli lililofungwa kwa mkono mbele ya uwanja mzima, na mashabiki wakamshukia na mabenchi mpaka uti wa mgongo ukavunjika. Waziri alikilaani vikali kitendo kile, kisha akaipongeza timu yake kwa ushindi, maana goli lilirudishwa wakati refa anapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Tangu hapo Salehe akawa mtu wa kitandani. Chini ya kiuno hakuwa na habari yoyote. Juu ya kiuno alibaki na mikono miwili, mdomo mkali na mke.

Mkewe, Bi Zubeda, alikuwa mshonaji wa sare za shule, na alikuwa akiniita shemeji kwa kuwa mimi na Salehe tulikuwa kama ndugu. Ili siku zipite, alinunua kompyuta iliyokwisha tumika pamoja na gemu ya mpira iitwayo Ligi ya Nyumbani. Gemu aliinunua dukani, mpya, ndani ya boksi lake, na risiti akapewa. Mwanzoni alicheza ili kumchangamsha mgonjwa. Salehe alimpigia kelele za kuotea, za kucheza rafu, za kuchelewesha muda, na mama wa watu akajifunza. Haukupita muda akaanza kumfunga. Akamfunga wiki ile, akamfunga na iliyofuata. Refa aliyekataa goli la Waziri akawa anafungwa na mshonaji, tena mshonaji anayecheka kwa sauti.

"Wewe ungekuwa uwanjani kwangu," Salehe alimwambia, "ningekutoa kwa kadi nyekundu kwa hicho kicheko tu."

"Inuka basi uje unitoe," Zubeda akamjibu, na wote wawili wakacheka mpaka nikasikia upande wa pili wa ukuta.

Kisha figo zikaanza kugoma, na daktari akasema maneno yale ambayo madaktari huyasema wakiwa wanaangalia dirishani. Hapo ndipo ulipozuka ubishi wa mahali pa kuzikwa. Salehe alitaka kulazwa Ngolewa, kijijini kwao, walipolala baba yake na babu yake. Zubeda alitaka azikwe makaburi ya mtaani, ng'ambo ya barabara.

"Ngolewa mvua ikinyesha hakupitiki," akasema. "Nitakuja kukuona lini, Salehe?"

"Njoo utakapoweza. Sitakuwa nimetoka."

"Hapa nikikukumbuka navuka barabara tu."

"Na baba yangu naye akinikumbuka?"

Walibishana hivyo siku nyingi, mpaka Salehe, ambaye hakupenda jambo lisilo na filimbi ya mwisho, akatoa uamuzi: wacheze mechi moja, na mshindi achague kaburi. Nikaitwa niwe shahidi. Mechi ile niliiona kwa macho yangu. Zubeda alitangulia, Salehe akasawazisha, Zubeda akaongeza, Salehe akasawazisha tena huku jasho linamtoka. Mbili kwa mbili. Dakika ya themanini na moja Salehe akapata kona. Akajipangusa vidole kwenye shuka, akashika pedi yake ya kuchezea, na kioo kikaganda. Katikati ya uwanja yakatokea maandishi:

HODI INAPIGWA. TAFADHALI SUBIRI.

*

Sheria ya Hodi ilikuwa imeanza saa ile ile.

Muasisi wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Sikitu, Waziri wa Burudani, Uaminifu na Michezo ya Kukaa, ambaye udaktari wake alijitunuku mwenyewe katika sherehe ndogo ya kifamilia. Waziri alikuwa amegundua kwamba wananchi wanaibiana gemu. Mmoja ananunua, kumi wananakili. Jambo hilo lilimuuma hadi akapunguza uzito, na akatuhutubia kwenye televisheni akiwa na koti lililompwaya ili tuone.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mstaarabu haingii nyumba ya mwenzake bila kubisha hodi. Bibi zetu walibisha hodi. Babu zetu walibisha hodi, hata wale waliokwenda kuchukua mahari. Leo hii gemu inafunguka tu! Haibishi, haisalimu, inaingia kama mbuzi aliyeona jiko wazi! Je, huo ni utamaduni wetu?"

Ukumbi ukajibu kwamba huo si utamaduni wetu.

"Kuanzia leo, kila gemu katika nchi hii itabisha hodi kwa njia ya mtandao kwenye Mtambo Mkuu ulio hapa wizarani. Mwenye gemu ataweka dole gumba ili ajulikane. Mtambo ukiridhika utaitikia 'Karibu', na hapo ndipo mtu atacheza. Na gemu itaendelea kubisha kila baada ya dakika chache, kwa sababu mtu anaweza kuwa mwaminifu asubuhi akawa mwizi mchana."

Mwandishi mmoja wa habari, kijana asiyekuwa na adabu, akauliza: mtu aliyelipia gemu yake, akiwa nyumbani kwake, na mlango wake ameufunga, anabisha hodi kwa nani? Alichukuliwa pembeni ili aeleweshwe. Hajarudi. Nadhani maelezo ni marefu.

Mtambo Mkuu ulikuwa umenunuliwa ng'ambo kwa heshima zote. Ulipokewa kwa ngoma, ukavalishwa shada la maua, ukawekwa kwenye ofisi ya Waziri ambako angeweza kuusimamia kwa karibu. Kasoro ilikuwa moja tu, na niliijua baadaye nilipopata kazi pale: ofisi ilikuwa na tundu moja la umeme, na tundu hilo lilikuwa limetanguliwa na friji ya Waziri. Mafundi waliuliza kipi kichomolewe. Waziri akawatazama kwa huruma, akawauliza kama wamewahi kunywa soda ya moto.

Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa inabisha hodi kwenye mtambo uliolala.

*

Nyumbani kwa Salehe tulisubiri. Maandishi hayakuondoka. Baada ya hodi ya tatu yakaja mengine: HUKUJIBIWA. USTAARABU NI KUONDOKA. Kompyuta ikajizima. Tuliiwasha, Salehe akaweka dole gumba kwenye pedi, likasajiliwa kuwa la mwenye gemu, ikabisha tena mara tatu, ikajizima tena.

Kesho yake Zubeda akapiga simu Dawati la Karibu, ambalo serikali ililianzisha kwa ajili ya wananchi wenye mkanganyiko. Aliweka sauti kubwa ili Salehe asikie. Kwanza tulisikilizishwa wimbo wa kumsifu Waziri, mashairi yake yote, kisha akapokea dada mwenye sauti laini.

"Dawati la Karibu, nikusaidie nini, mama?"

"Mwanangu, gemu yetu inabisha hodi haijibiwi."

"Imebisha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na baada ya hapo mmeondoka?"

"Tuondoke twende wapi? Tupo kwetu."

"Mama, samahani, wewe umelelewa wapi? Mtu akibisha mara tatu asipojibiwa, anarudi kwao."

"Ndiyo nakwambia hapa ndiyo kwetu! Gemu ni yetu, kompyuta yetu, kitanda chetu, na mgonjwa ni wangu!"

"Mama, usipandishe sauti. Gemu si yenu. Mlichonunua ni ruhusa ya kuomba ruhusa."

Mimi nilivutiwa sana na jinsi dada yule alivyolieleza jambo gumu kwa maneno machache.

"Mume wangu anaumwa," Zubeda akasema taratibu. "Hana siku nyingi. Amebakisha dakika tisa tu za mechi. Naomba mtuitikie mara moja, amalize, basi."

"Pole sana, mama. Mwambie ajitahidi kuwa na subira. Je, umeridhika na huduma yetu? Kama umeridhika sana bonyeza moja. Kama umeridhika kupita kiasi bonyeza mbili."

Waliendelea kubisha, asubuhi na jioni. Mwisho wakaja maafisa wawili wa wizara. Nilifurahi nikidhani wameleta karibu mkononi. Walileta faini. Kumbukumbu zao zilionyesha kwamba nyumba ile inabisha hodi kupita kiasi, na sheria inauita mwenendo huo usumbufu kwa Mtambo. Afisa mmoja alimtazama Salehe pale kitandani, miguu yake imekauka kama kuni, akamwonya asirudie kwenda kugonga milango ya watu.

*

Msomaji asidhani kwamba watu wote walikosa kucheza. Wezi walicheza vizuri kabisa.

Pale sokoni kulikuwa na Madibwa, muuza kanda na diski, ambaye aliuza Ligi ya Nyumbani iliyochakachuliwa. Vijana wake waliichukua ile ya dukani wakakitoa kile kipande cha kubisha hodi, wakaibakiza tupu. Ilifunguka mara moja. Haikuuliza kidole wala mtandao. Mtaani usiku na mchana ulisikia magoli yakishangiliwa kwenye kila nyumba isiyokuwa na risiti. Hata watoto wa Waziri walikuwa wateja wa Madibwa, na baba yao hakuwazuia, kwa kuwa nyumbani kwake hakutaka kelele za watoto wanaolia gemu haifunguki. Wanyamavu walikuwa wale tu walionunua kihalali.

Zubeda akaivumilia aibu, akaenda kwa Madibwa, akarudi na diski ameificha chini ya vitambaa vya sare. Akaiweka. Uwanja ukafunguka, nyasi kijani, mashabiki wanaimba.

"Haya, Salehe. Haibishi hii."

Salehe akatazama pembeni ya kioo yanapoandikwa magoli. "Sifuri kwa sifuri," akasema.

"Tutaanza upya."

"Magoli yangu mawili yako wapi?"

"Yako kwenye ile nyingine, lakini..."

"Na ya kwako mawili. Na kona yangu." Alipumua kwa taabu kidogo. "Zubeda, nilivunjwa mgongo kwa sababu nilikataa goli la wizi. Nikacheze mechi ya wizi kwa ajili ya kaburi langu?"

"Basi nimekubali, mume wangu. Nimeshindwa. Nenda Ngolewa."

"Hujashindwa. Ni mbili kwa mbili."

"Mbishi wewe!" Zubeda akalia kwa hasira, akaitoa ile diski akaivunja juu ya goti. Salehe akamshika mkono. Hakuna aliyecheka siku ile. Mimi nilimwambia Salehe kwamba msimamo wake ni wa kizalendo na wizara ingeujua ingempa cheti, naye akanitazama muda mrefu, akaniuliza kama nimewahi kupimwa kichwa.

Alifariki wiki ile, mchana, kioo kikiwa kimewashwa mbele yake kwa sababu alikataa kizimwe. Hodi ilikuwa inapigwa. Zubeda alikuwa amemwekea dole gumba kwenye pedi, maana hakuwa tena na nguvu za kulinyanyua.

"Zubeda," alisema, "kona ni yangu."

"Ni yako, nimeona."

"Usije ukasema ulikuwa mpira wa kurusha."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Hodi ikafika ya tatu, na kompyuta ikatuambia tuondoke.

*

Mfaume, kaka yake mkubwa, akafika kutoka Ngolewa na sanda. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Alitaka ndugu yake azikwe siku hiyo hiyo kama dini inavyosema, na aende akalale na wazee wake. Zubeda hakumkatalia. Alimweleza ukweli mtupu: wao wawili walikubaliana kwamba mechi itaamua, na mechi haijaisha.

"Shemeji, mechi gani tena? Mtu amekufa!"

"Amekufa akisema kona ni yake, kaka. Nikikupa umzike Ngolewa nimemnyima haki yake ya kushinda. Nikimzika hapa nimemdhulumu kabisa. Nifanye nini?"

Mfaume akakaa chini akashika kichwa. Alimfahamu mdogo wake. Lakini kwa vile shughuli ilihusu gemu yenye leseni, mwenyekiti wa mtaa akaogopa kutoa kibali cha mazishi akiwa peke yake, akalipeleka suala kwa hakimu. Hakimu alivaa miwani, akasikiliza, akaivua, akaamua: mechi imesimama mbili kwa mbili, haina mshindi, na mahakama haina filimbi. Maiti isizikwe popote mpaka Mtambo Mkuu uitikie. Alitoa pole kwa pande zote na kwa marehemu.

Salehe akapelekwa mochwari. Akakaa humo. Msimu wa mvua ukaja, njia ya Ngolewa ikafungika, ukaisha, njia ikafunguka, naye yumo tu ndani ya droo, na Zubeda anakwenda kila asubuhi kumwuliza mhudumu kama umeme haujakatika. Alikonda mama yule. Sare za shule alizishona mikono ikapishana urefu, na wazazi hawakumsema.

*

Mwaka wa Sheria ya Hodi ulipotimia, serikali ikatangaza Siku ya Karibu. Wageni wa nje walialikwa waje wauone Mtambo ukifanya kazi, na kwa heshima yao Waziri alikubali friji ichomolewe mchana mmoja. Soda zilihamishiwa kwenye ndoo ya barafu, chini ya ulinzi.

Zubeda aliposikia redioni, alikuja kugonga ukuta wangu kwa ngumi zote mbili. "Shemeji Kondo! Leo wanaitikia!"

Tulibeba kompyuta kwenye mkokoteni wa maji, mimi nasukuma, yeye ameikumbatia isidondoke, Mfaume nyuma na nyaya mabegani. Gemu ilimtambua mtu mmoja tu, kwa dole gumba moja tu, na dole lenyewe lilikuwa mochwari. Mhudumu alikuwa mtu mwema, alitupisha. Akavuta droo.

Sitamweleza msomaji alivyoonekana Salehe baada ya miezi yote hiyo. Zubeda alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa kurudi kazini. Akamsalimia, akamtengeneza shuka, akauchukua mkono wake wa kulia akaweka dole gumba juu ya pedi.

KIDOLE HAKITAMBULIKI, kikaandika kioo. CHANGAMSHA KIDOLE KISHA JARIBU TENA.

Akalishika lile dole kwa viganja viwili, akalipulizia pumzi, akalisugua kwa upande wa khanga yake, akaliweka shavuni akalibana hapo kwa bega. Mfaume akageukia ukutani. Mhudumu alizima feni bila kuambiwa. Zubeda alikaa vile mpaka nilipoanza kuogopa kwamba Wizara itarudisha friji yake, kisha akalirudisha dole kwenye pedi kwa upole.

Kompyuta ikapiga muziki wa shangwe.

KARIBU TENA, SALEHE! SIKU HIZI UMETUTUPA!

Uwanja ukafunguka. Mbili kwa mbili, dakika ya themanini na moja, mpira umekaa kwenye kibendera cha kona, wachezaji wote wamesimama wanamngoja.

Sasa naomba msomaji aelewe hali ilivyokuwa. Wachezaji wa Salehe hawakuwa na mtu wa kuwaendesha. Zubeda angeweza kuuchukua mpira akatembea nao taratibu hadi golini, na mumewe angezikwa ng'ambo ya barabara, na kila akimkumbuka angevuka tu. Sheria ingekuwa upande wake. Mfaume alilijua hilo, nikamwona ameinamisha kichwa, amekubali.

Zubeda akakiweka kidole cha Salehe juu ya kitufe, akakiweka cha kwake juu yake, akabonyeza. Kona ikapigwa. Ilikuwa kona nzuri, ndefu, inayopinda. Na kwa mkono wa kushoto, kwenye pedi yake mwenyewe, akamrusha beki wake juu kuliko wote, akaugonga mpira kwa kichwa, akautia kwenye goli lake.

"Goooli!" nilipiga kelele, na mochwari nzima ikaitikia mwangwi.

Tatu kwa mbili. Dakika zilizobaki alirudisha mpira nyuma, akarudisha tena, mpaka filimbi ikapulizwa. Filimbi ile Salehe angeipenda.

"Shemeji," Mfaume akasema, "mbona umejifunga?"

"Alishindwa na mimi tangu tununue gemu hii," Zubeda akasema. Alikuwa anapangusa uso kwa khanga ile ile. "Leo kanishinda. Mchukue, kaka, mpeleke kwa baba yake."

*

Na hapa mambo yangeishia, lau si bahati njema.

Ilikuwa kwamba katika nchi nzima, kwa mwaka mzima wa Sheria ya Hodi, mechi ile ndiyo pekee iliyochezwa kihalali hadi mwisho. Mtambo uliyatangaza matokeo mbele ya wageni: MSHINDI, SALEHE KIPINDULA. Wageni wakapiga makofi. Waziri akaamuru msafara, akaja mwenyewe na kikombe cha dhahabu, kamera mbele, ving'ora nyuma, hadi mlango wa mochwari.

"Yuko wapi mchezaji wetu mwaminifu?" akauliza.

Tukamwonyesha droo.

Mheshimiwa akaondoa kofia, akaivaa. Akauliza ilikuwaje. Mfaume alikaa kimya na Zubeda alikaa kimya, na mimi niliona ni aibu kiongozi wa ngazi ile aulize jambo akose jibu. Nikamweleza yote kwa ufasaha. Nilitaka Zubeda asifiwe. Nilimweleza dau lilikuwa nini, nikamweleza kona, nikamweleza jinsi mama huyu, kwa moyo wa pekee, alivyojifunga.

"Kajifunga?" Waziri akasema. "Kwa bahati mbaya?"

"Makusudi kabisa, Mheshimiwa! Nimeona mwenyewe!"

Zubeda akanigeukia. Sikuelewa alivyonitazama, na hata leo nikijaribu kuelewa huwa naacha.

Waziri akazihutubia kamera. Alisema nchi yetu haitavumilia upangaji wa matokeo, hata ndani ya ndoa, hata kati ya walio hai na waliotangulia. Matokeo yamefutwa. Na katika yale masharti ambayo kila mnunuzi hubonyeza "Nimekubali" bila kuyasoma, mechi ikifutwa dau huwa mali ya aliyetoa leseni.

"Dau liko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa kidole.

Walimchukua Salehe jioni ile. Mfaume aliwekwa chini na askari wawili, mtu mzima, sanda bado iko kwapani. Zubeda alilikimbilia gari mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Salehe alizikwa kwa heshima za kitaifa nyuma ya wizara, kati ya maegesho na chumba cha jenereta, katika Makaburi ya Taifa ya Wachezaji Waaminifu, ambayo mpaka leo yana mkazi mmoja. Yamezungushiwa uzio mrefu. Lango lake limeunganishwa na Mtambo Mkuu: anayetaka kuzuru anabisha hodi, Mtambo unaitikia, lango linafunguka. Friji imerudi kwenye tundu lake.

Mimi, kwa mchango wangu, nilipewa kazi ya ulinzi wa lango. Nina kibanda, kiti chenye mto, na kila Ijumaa Mheshimiwa hunitumia soda moja, ya baridi kweli. Maagizo yangu ni mepesi. Mlinzi haruhusiwi kutamka karibu. Karibu ni mali ya serikali, na mtu akiitamka bila leseni ni mwizi kama wezi wengine.

Zubeda huja Ijumaa. Ameanza kutembea kwa kuinama. Huja na chupa ya maji ya kunyunyiza na majani ya mrehani kwenye karatasi, husimama pale langoni, hujitengeneza khanga kama mtu anayekwenda kwa watu anaowaheshimu.

"Hodi," huita.

Nisiseme uongo, mtu aliyelelewa kwetu hilo neno likimfikia mdomo hufunguka wenyewe. Ijumaa za kwanza nilikuwa naujaza soda.

"Hodi," huita mara ya pili.

Ijumaa iliyopita alipofika hodi ya tatu hakuondoka. Alisogeza uso kwenye nondo za lango, upande wa kibanda changu.

"Hodi, shemeji," alisema taratibu. "Nakusikia unavyopumua."

Basi nikabana pumzi.